Ukitukanwa Ujibu Nini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa watu wa Moshi: wafanyabiashara wa Mbuyuni na Memorial, vijana wa bodaboda, mke na mawifi wanaoishi ua mmoja, ndugu wanaoonana mara moja kwa mwaka ikifika Desemba. Mengine yaliulizwa kwenye mafundisho ya usharika, mengine pembeni baada ya ibada, mtu akiwa bado na donge kooni. Tunayajibu kwa Biblia, na inapobidi tunagusa mila na sheria za nchi. Jambo moja linapita katika majibu yote: tusi lina haraka. Linataka ulijibu sasa hivi, kwa lugha ileile, mbele ya watu walewale. Hekima inaanzia pale unapokataa kuharakishwa.

Nikinyamaza si ataniona mnyonge?

Inategemea unanyamaza kwa nini. Yupo anayenyamaza kwa woga. Yupo anayenyamaza huku anapanga kisasi. Yupo anayenyamaza miezi sita, hata salamu haitikii, halafu anasema "mimi nimemwachia Mungu". Ukimya wa namna hiyo hautoki kwa Kristo.

Ni kweli Petro anaandika kwamba Yesu alipotukanwa hakurudisha matukano (1 Petro 2:23). Lakini soma Yohana 18. Mmoja wa watumishi alimpiga Yesu kofi akiwa anahojiwa kwa kuhani mkuu, naye hakunyamaza. Alimwambia: kama nimesema vibaya, ushuhudie huo ubaya, na kama nimesema vema, kwa nini unanipiga? Litazame jibu hilo. Halina tusi, halina kitisho, wala haliombi huruma. Linamrudisha yule mtu kwenye hoja aliyoikimbia alipoinua mkono.

Saa chache baadaye, mbele ya Herode, Yesu huyohuyo hakujibu neno (Luka 23:9). Herode alitaka kuonyeshwa muujiza, ukweli haukuwa na kazi kwake. Kwa hiyo usijiulize kwanza kama utaonekana mnyonge. Jiulize: ndani ya maneno haya makali kuna jambo la kujibiwa, au huyu anatafuta vurugu tu? Kama lipo jambo, lijibu hilo. Kama halipo, huna deni la jibu.

"Geuza shavu la pili" maana yake nikubali kuonewa?

Hapana. Mathayo 5:39 inataja shavu la kuume, na watu wengi wanapita hapo bila kusimama. Mtu anayetumia mkono wa kulia akitaka kukupiga shavu la kulia, atakupiga kwa nyuma ya mkono. Kwa Wayahudi, kofi la namna hiyo lilikuwa la kudhalilisha kuliko la kuumiza. Mishna, mkusanyo wa sheria zao ulioandikwa baadaye, inamtoza aliyepiga kofi la kawaida sarafu za zuzi 200, na aliyepiga kwa nyuma ya mkono zuzi 400. Maradufu, na ilhali maumivu ni madogo zaidi. Kilichokuwa kinalipiwa pale ni heshima ya mtu.

Kwa hiyo Yesu alikuwa anazungumzia dharau, jambo hilihili tunaloulizwa hapa. Anayegeuza shavu la pili hajakimbia na hajarudisha. Amebaki amesimama, anamtazama mwenzake usoni. Mnyonge hawezi hilo.

Zile sekunde za kwanza, damu inapochemka, nifanye nini?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote. Tunajibu kwa jambo lililoonekana Mbuyuni, kwenye ndizi.

Mteja aliuliza bei ya mkungu wa mshare, aina ya ndizi za kupika. Alipotajiwa, akapandisha sauti ili na wa jirani wasikie: "Nyie Wachagga mnapenda hela mpaka mnatia kinyaa!" Mama muuzaji alikuwa ameushika mkungu mwingine, anaupangusa kwa jani kavu la mgomba. Hakuuweka chini. Aliendelea kupangusa mpaka akamaliza, ndipo akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Dada yangu, huu nimeufuata Marangu alfajiri, na nauli unaijua. Bei yangu ndiyo hiyo. Ukipata wa chini ya hapo, chukua, wala sitakununia." Mteja alisonya akaondoka. Baadaye kidogo akarudi akanunua, bila kuomba radhi, na mama akampimia na ndizi mbivu tatu za watoto.

Mama yule hakwenda darasa lolote, ila alichokifanya kinafundishika. Mikono yake iliendelea na kazi, kwa hiyo ulimi ulichelewa. Alimwita mwenzake "dada yangu", na ni vigumu kumtukana mtu uliyetoka kumwita dada. Alijibu habari ya bei, ya kabila akaiacha ilale palepale ilipoangukia. Na sauti hakuipandisha. Mithali 15:1 inasema jawabu la upole hugeuza hasira. Wengi tunadhani upole ni maneno matamu, lakini jibu la mama yule lilikuwa na msimamo mkavu: bei haikushuka hata shilingi.

Kama huna mkungu wa kupangusa, kunywa maji. Funga kamba ya kiatu. Mwombe aliyekutukana arudie alichosema, bila kejeli, kama mtu ambaye kweli hakusikia vizuri. Wengi wakitakiwa kulirudia tusi hulipunguza wenyewe.

Kuna mtu kwenye Biblia aliyezima ugomvi kwa jibu tu?

Yupo. Na yupo mwingine aliyeshindwa mtihani uleule, mbele ya watu walewale. Habari zao ziko katika Waamuzi 8 na Waamuzi 12, na tungependa kila ukoo uzisome pamoja.

Gideoni ametoka kuwapiga Wamidiani. Waefraimu, kabila jingine la Israeli, wanamjia juu, wanateta naye kwa ukali: kwa nini hukutuita ulipokwenda vitani? Ni maneno ya kuudhi. Mtu amehatarisha roho yake, badala ya asante anakaripiwa. Gideoni angeweza kuuliza mlikuwa wapi siku zote Wamidiani walipokuwa wanakula mavuno yetu. Hakuuliza. Alisema: mimi nimefanya nini cha kulinganishwa na ninyi? Masalio ya zabibu za Efraimu si bora kuliko mavuno yote ya Abiezeri, ukoo wangu? Tena Mungu amewatia mikononi mwenu wakuu wa Midiani. Biblia inasema alipolinena neno hilo, hasira yao ikatulia. Na halikuwa neno la kujipendekeza. Wale wakuu wawili, Orebu na Zeebu, kweli walikamatwa na Waefraimu. Gideoni alitafuta sifa ya kweli ndani ya watu waliokuwa wanamgombeza, akaitaja.

Baadaye Waefraimu wanakwenda kwa Yeftha, kiongozi wa Wagileadi, na lalamiko lilelile: kwa nini hukutuita? Safari hii wanaongeza kwamba watamchoma moto na nyumba yake. Yeftha anaanza kwa kujitetea, niliwaita hamkuja. Kisha, kwa kuwa Waefraimu waliwatukana Wagileadi kuwa ni watoro wa Efraimu, anakusanya watu, vita inawaka, vivuko vya Yordani vinatekwa. Wakafa Waefraimu 42,000. Ndugu wa taifa moja.

Kwa nini mmoja aliweza na mwingine akashindwa? Biblia haisemi moja kwa moja, lakini sura ya 11 inatupa jambo la kufikiria. Yeftha alikuwa mwana wa kahaba, ndugu zake walimfukuza nyumbani wakimwambia hutarithi katika nyumba ya baba yetu. Alikuwa amebeba tusi tangu ujana. Waefraimu walipofungua midomo, huenda hakuwasikia wao peke yao, alisikia na sauti za ndugu zake. Ukiona tusi dogo limekuwasha moto mkubwa usiolingana nalo, chunguza ni kidonda gani cha zamani limekigusa. Hilo ni la kupeleka kwa Mungu, na kwa mchungaji au mtu unayemwamini, kabla halijakutana na Mwefraimu wako.

Mithali 26 inasema usimjibu mpumbavu, mstari unaofuata unasema mjibu. Tushike upi?

Yote miwili, kila mmoja kwa wakati wake. Mstari wa 4 unakukataza kujibu ikiwa jibu litakufanya ufanane naye. Wa 5 unakutaka ujibu ikiwa ukimya wako utamwacha ajione ana hekima. Mlevi anayekutukana njiani mtaa wa Pasua saa tatu usiku ni wa mstari wa 4. Mtu anayesema uongo juu ya hesabu za kikundi chenu cha kuweka na kukopa, mbele ya wanachama, ni wa mstari wa 5. Huyo mjibu kwa daftari la hesabu.

Ndugu wananitukana tukikutana nyumbani Desemba. Kila mwaka nasamehe, kila mwaka yanarudi.

Hapa kwetu tusi la ndugu mara nyingi lina kihamba, shamba la urithi la ukoo, ndani yake. Mwenye gari kutoka Dar es Salaam anamwambia aliyebaki nyumbani: "Wewe kazi yako kulinda migomba." Aliyebaki anajibu: "Wewe uliyemwacha mama akiumwa." Ndani ya dakika tano mbuzi amesahaulika jikoni na wajomba wamesimama. Wote wawili wamesema kitu kinachouma kwa sababu kina ukweli kidogo, na wote wawili wamekwepa jambo lenyewe. Mila inampa kitinda mimba nyumba ya baba, na kuna mkubwa ambaye hajawahi kulikubali hilo moyoni.

Mithali 17:14 inaufananisha mwanzo wa ugomvi na kufungulia maji. Anayelima mlimani anaelewa haraka: mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, ukishabomoka ukingo hauuzibi kwa mkono, maji yanachukua mbegu na udongo vyote. Unaziba wakati ni tundu. Kwa hiyo usingoje sherehe. Mpigie ndugu yako simu Novemba, peke yenu, kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza: wewe na yeye. Mwambie, "Kaka, mwaka jana ulisema neno likaniumiza. Nataka tulimalize kabla ya Krismasi. Na suala la shamba tukae na wazee tuliongelee siku yake, si siku ya nyama." Tenga siku ya shamba na siku ya nyama. Ushauri huu mdogo umeokoa Krismasi za nyumba nyingi.

Swali linalofuata hapo kila mara ni la masale. Wachagga wamerithi njia ya kuomba radhi: aliyekosa analeta jani la mmea uitwao sale kwa aliyemkosea, na aliyeletewa anajua uzito wake, kulikataa ni jambo kubwa. Wapo wanaouliza kama Mkristo anaweza kulipokea. Kwa maoni yetu anaweza. Jani lenyewe halisamehe dhambi, na asiwepo wa kulifanyia ibada. Lakini mtu aliyevua kiburi chake akatembea na jani mkononi mbele ya majirani mpaka mlangoni kwako amefanya lile Mathayo 5:24 inalotaka, kwenda kwanza kupatana na ndugu. Mpokee, mkae, ombeni pamoja. Wazee wetu walijua kwamba kinywa kilichotukana mara nyingi kinashindwa kusema "nisamehe", wakakipa kitu cha kuanzia.

Wifi na mama mkwe wananisimanga kwamba sizai. Nitajibuje jambo kama hili?

Tunakuhurumia, na tunasema wazi kwamba wanatenda dhambi.

Hana alipitia hayohayo (1 Samweli 1). Penina, mke mwenzake aliyekuwa na watoto, alikuwa akimchokoza sana mwaka hadi mwaka, tena walipokuwa wakipanda kwenda nyumbani kwa Bwana, siku za ibada hasa. Hana alilia, hakula. Hatusomi popote kwamba alimjibu Penina. Alipeleka uchungu wote kwa Mungu. Lakini kuhani Eli alipodhani amelewa, Hana alijibu palepale: hapana, bwana wangu, mimi ni mwanamke mwenye huzuni rohoni, sikunywa divai wala kileo. Alijibu kwa heshima, akamsahihisha, na Eli akageuka akambariki.

Hana alijua nani anaweza kusahihishika. Penina alikuwa anajua vizuri anachokifanya, Eli alikuwa hajui tu. Katika nyumba yenu Eli ni nani? Mara nyingi ni mume wako. Mweleze yeye kwa utulivu, kwa maneno uliyoambiwa, bila kuongeza chumvi, na umwombe awe yeye wa kuzungumza na mama yake. Na nendeni wote wawili hospitali kupimwa. Ugumba unaweza kuwa kwa mwanamume vilevile, hilo wanaokusimanga huwa hawalisemi.

Je, kukasirika kwenyewe ni dhambi?

Hapana. Waefeso 4:26 inaruhusu hasira na kukataza dhambi, na inaiwekea muda: jua lisichwe. Hasira inakuambia kuna kitu kimevunjwa. Ila isilale kwako.

Mzee ananitukana mbele ya watu, nami ni kijana. Mila hainiruhusu kumjibu.

Anza na "shikamoo", hata kama yeye ameanza na tusi. Kisha omba nafasi: "Mzee wangu, nimekusikia. Naomba nije nyumbani jioni tuongee." Hapo umemheshimu na hujakubali uongo. Jioni nenda kweli, na ukiweza nenda na mtu mzima anayemheshimu. Na sisi wazee tuambiane ukweli: Waefeso 6:4 inatukataza kuwachokoza watoto. Mvi hazimpi mtu kibali cha kutukana.

Mume wangu ananitukana kila siku, na sasa ameanza kunipiga. Bado nijibu kwa upole?

Hapa tunabadilisha sauti. Yote tuliyosema juu yanahusu dharau na maneno. Kipigo ni jambo lingine, na matusi ya kila siku yanayomvunja mtu ndani ya nyumba yake yanakaribiana nacho. Hakuna mstari wa Biblia unaokuamuru ubaki mahali unapoumizwa. Daudi alimheshimu Sauli mpaka mwisho, lakini alipotupiwa mkuki alikimbia.

Nenda mahali salama kwanza, wewe na watoto. Mwambie mchungaji, mwambie ndugu, na nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Atakayekuambia "vumilia, ndiyo ndoa" hajakupa shauri la Kikristo, hata kama amevaa kola.

Kwenda polisi au mahakamani kwa sababu ya matusi si kukosa imani?

Paulo alitukanwa mara nyingi bila kushtaki. Lakini mjini Filipi, walipompiga hadharani bila hukumu naye ni raia wa Kirumi, alikataa kutoka gerezani kimyakimya, akawataka mahakimu waje wenyewe kumtoa yeye na Sila (Matendo 16:37). Haki aliitumia bila chuki.

Kwa sheria yetu, kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani kuwa kosa, na adhabu yake inaweza kufika kifungo. Ushauri wetu: pitia kwanza kwa balozi wa nyumba kumi, kwa wazee, kwa mchungaji. Ukiona mtu anachafua jina lako kwa makusudi na biashara yako inaumia, au anatishia maisha yako, nenda. Kusamehe ni kuacha kumtakia mabaya. Hakukuzuii kumzuia asiendelee.

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo watu wananitupia maneno. Nijitoe?

Usijitoe usiku, na usijibu usiku. Maandishi hayana sauti, ulichokiandika kwa uchungu kitasomwa kwa uchungu maradufu. Kama ni uongo unaogusa watu wengine, andika ujumbe mmoja mfupi wa kuuweka sawa, kisha mpigie simu mhusika. Usitume picha ya maneno yake kwenye makundi mengine. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haitofautishi aliyeanza na aliyejibu, ikiwa wote wameandika mambo yanayokatazwa.

Nimeshamjibu vibaya. Sasa?

Paulo naye alimwita kuhani mkuu ukuta uliopakwa chokaa. Alipoambiwa huyo ni nani, akasema papo hapo kwamba hakujua, akanukuu andiko linalomkataza kumnenea vibaya mkuu wa watu (Matendo 23:3-5). Hakujieleza kwamba kofi lilitangulia, ingawa ni kweli alikuwa ameamriwa apigwe mdomoni.

Fanya hivyohivyo. Taja neno ulilolisema, usiseme "kama nilikukwaza". Usiweke "lakini". Omba radhi palepale ulipotukania: kama ilikuwa mbele ya wateja, rudi mbele ya wateja, na kama ilikuwa kwenye kundi la ukoo, usimfuate inboksi, andika kwenye kundi. Akikataa siku hiyo, usimlazimishe. Msalimie kesho kama kawaida, na ukimkuta sokoni ana mzigo, mshike upande mmoja.